Viwanja vya Mhola

Jumapili, 2 Machi

"Mkulima wa Simiyu hana haja ya mji wa kufikirika. Ana haja ya mbegu, dawa na bei. Ukimwonyesha mji usiokuwepo atakuuliza kitu kimoja tu: unaliwa na nini?"

Ameyaandika hayo shemeji yangu Dastan, bwana shamba mstaafu, leo saa nne asubuhi nikiwa kanisani. Ameyaweka kwenye kundi letu la WhatsApp lenye watu mia mbili na thelathini, na wote wanajua anayesemwa ni mimi. Arobaini na mmoja wamemwekea kidole gumba.

Nijibu. Mkulima ndiye mtu wa mwisho duniani kuambiwa hawezi kufikiri kisichokuwepo. Mwezi wa kumi na moja anafukia mbegu za pamba kwenye vumbi, juu hakuna wingu, na akirudi nyumbani anamweleza mkewe nyumba ya bati itatazama upande gani. Kama huo si mji wa kufikirika, Dastan aniambie ni kitu gani. Halafu hilo "atakuuliza": amemsikia nani akiuliza? Miaka thelathini na moja amepita mashambani akiwaambia watu nafasi kati ya mstari na mstari, na sikumbuki siku aliyorudi nyumbani na swali lao.

Sasa jambo lenyewe, kwa atakayesikia haya bila kutujua. Nyanjige, binti wa Kasoli niliyemfundisha historia kidato cha tatu, alikwenda Dar es Salaam kusomea sanaa na amerudi. Ameomba ghala la pamba la chama cha ushirika, ambalo miezi hii hukaliwa na popo, na humo anajenga kwa udongo wa mfinyanzi mji mzima usiokuwepo popote. Anauita Mhola, neno tunaloitikia salamu, yaani ni salama, hatujambo. Watu wataingia bure. Mwenyekiti wa chama, Salvatory, amekubali kwa sharti moja: msimu wa kununua pamba ukifunguliwa mwezi wa tano, mji uwe umeondoka.

Mimi nimejitolea kuwa msemaji wa maonyesho. Nitaandika kila kinachotokea, na siku ya mwisho nitakisoma redioni kwenye kipindi changu cha Jumamosi, Dastan asikie.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kusahihisha madaftari. Dastan ameongeza kwamba sanaa ni ya walioshiba. Nimeamua kutomjibu. Nimemjibu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Kasoli kwa bodaboda, tukashuka mara mbili kuisukuma kwenye tope. Nyanjige nilimkuta ameinama katikati ya ghala, suruali imekuwa rangi ya udongo, kijiti mdomoni. "Mwangaluka, mwalimu," alinisalimia bila kuinua kichwa.

Mji tayari una urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua kumi na mbili. Una minara mirefu kama vichuguu, madirisha yake yametobolewa kwa mwiba. Una kisima, una stesheni ya treni, na nyuma yake maktaba ya ghorofa tatu ambayo Nyanjige aliniambia ameijenga kwa ajili yangu. Nilianza kukagua paa la ghala ili asinione uso. Barabara zake ni nyembamba na zinapindapinda. Mjusi anapita, paka anabana mbavu.

Mlangoni amebandika ramani pana kama kitenge, yenye viwanja mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na namba. Vingi bado ni vitupu, na kwenye pembe zake amesimika vibikoni vya saruji kama vile vya wapimaji wa ardhi. Nilimuuliza kwa nini ameacha vitupu vingi hivyo. Alisema mji usio na nafasi huonekana umekwisha kufa.

Wazo la daftari la wageni ni langu. Naliandika hapa ili baadaye kusiwe na ubishi. Nimepiga mistari kwa rula: jina, kijiji, namba ya simu, sahihi. Nataka idadi ya kumpiga nayo Dastan.

Salvatory alipita akasimama mlangoni kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani ndani ya mtama wake. Alirudia sharti lake mara mbili, akaondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungua! Watu sitini na watatu kwa siku moja, na mvua ilikuwa inanyesha. Kwaya ya akina mama kutoka Nassa imekuja na lori, wameimba, wamekula michembe ya viazi na karanga tulizowapa, wamesaini mmoja mmoja.

Nimewahi kuona maonyesho ya mijini, watu wakipiga picha zao wenyewe mbele ya kazi ya mtu na kuondoka. Hapa wanaume waliizunguka ramani wakinong'ona. Mmoja alisimama mbele ya kiwanja kitupu robo saa nzima, mikono nyuma. Kwandu, mjane wa hapa hapa Kasoli, alipiga magoti akapima namba thelathini na tatu kwa shubiri, urefu na upana, halafu akapima tena.

Nimepiga picha daftari na kuituma kwenye kundi bila neno lolote. Dastan ameisoma.

Jumanne, 18 Machi

Arobaini na wanne, tena siku ya kazi! Baba mmoja ameuliza kama anaweza kumwandikisha na mkewe, anaumwa mguu hakuweza kuja. Nimesema andika tu, baba. Mapenzi ya sanaa ya namna hii sijayasoma kwenye kitabu chochote.

Alhamisi, 20 Machi

Sitini. Wanauliza daftari lipo wapi hata kabla ya kutazama mji.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipaswa kuelewa tangu Jumanne.

Saa tatu asubuhi alifika mfugaji mmoja wa rika langu, Bujiku, kutoka Kiloleli, amevaa koti la mvua na mabuti. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo ambayo sina. Kisha akafungua mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko bahasha, ndani ya bahasha barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, nakala ya kitambulisho na picha mbili ndogo, akiwa amechana nywele.

"Mimi nachukua kumi na nne, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ile ya karibu na maji."

"Kumi na nne ya nini?"

"Ya kiwanja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake walikuwepo wengine kumi na mmoja, kila mtu na bahasha yake, na kina mama wawili walikuwa tayari wanabishana ni nani aliyeiona kwanza kona ya stesheni.

Nikalifungua daftari langu. Majina mia tatu na sita. Jina, kijiji, simu, sahihi. Nimeishi mkoa huu miaka hamsini na mbili. Najua kwamba hapa mtu akiandikwa mambo hayo manne, nyuma yake kuna kitu kinakuja: mbegu, chandarua, mbolea ya ruzuku. Hajawahi kuandikwa ili atazame tu. Ramani yenye namba ukutani, bikoni sakafuni, mwalimu anayejulikana redioni ameshika kalamu. Wangeelewa nini kingine? Mimi niliyesoma vitabu vyote hivyo ndiye niliyekosea kusoma.

Nyanjige alikaa chini karibu na stesheni yake, akajifunika uso kwa mikono yenye udongo. Saa nane akaja mtendaji wa kata kwa pikipiki, kijana mpole, na upole wake ulitutisha zaidi. Amepokea malalamiko, neno lililotumika ni utapeli. Ametupa hadi Jumatano. Niitishe mkutano, niwaeleze watu kwa mdomo wangu, na wakiridhika atafunga jalada. Wasiporidhika atafunga ghala, na Nyanjige atakwenda kujieleza polisi. Nikasema nitakwenda mimi. Akasema mji si wako, mwalimu, ni wa binti.

Jumapili, 23 Machi

Dastan, kwenye kundi: "Nilisema watauliza unaliwa na nini. Nakiri nimekosea. Wameuliza hati zinatoka lini."

Ni jibu zuri. Nalinakili kwa uchungu.

Jumatano, 26 Machi

Ghala lilijaa hadi nje. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilibidi nisubiri ipungue, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko kusema. Nimehutubia watu tangu nikiwa chuo cha ualimu. Nimebishana na mapadre, madiwani, na mganga mmoja wa kienyeji aliyenitishia radi. Leo nilikuwa na sentensi sita.

"Mji huu haupo. Nyanjige ameufikiri tu. Viwanja haviuzwi wala havigawiwi. Daftari ni wazo langu, nililileta nipate kumshinda shemeji yangu kwenye simu. Nauli zenu mmezipoteza kwa ajili yangu. Nisameheni."

Mtendaji alitazama saa yake. Kisha Kwandu akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Kwa hiyo thelathini na tatu si ya mtu?"

"Si ya mtu, mayu."

"Hata wa mjini hajaichukua?"

"Hakuna aliyeichukua."

Akakaa. Wanawake waliomzunguka wakaanza kunong'onezana. Ndipo Bujiku akasogea mbele. Nilijua atadai nauli ya kutoka Kiloleli na nilikuwa nimeiweka tayari kwenye mkoba.

"Mimi ramani nimeonyeshwa mara tatu maishani," alisema. "Zote nilionyeshwa zikiwa zimekwisha. Bikoni moja ya wapimaji ipo katikati ya zizi langu mpaka leo, ng'ombe wanajikunia. Hii ndiyo ya kwanza naikuta ina nafasi." Akamgeukia Nyanjige. "Binti, udongo uko wapi?"

Nyanjige alinyoosha kidole kwenye pipa, nadhani bila kujua anafanya nini. Bujiku akavua mabuti, akayapanga vizuri mlangoni, akachota udongo mikono miwili na kwenda namba kumi na nne. Kwandu akamfuata. Wengine wakafuata. Saa kumi hatukuwa na udongo tena na vijana wanane walikuwa wamekwenda mtoni na madumu na toroli.

Mtendaji aliniomba kalamu, akaandika kwenye jalada lake: wananchi wameelimishwa na wameridhika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna kiwanja kilichobaki upande wa maktaba.

Ijumaa, 28 Machi

Nyumba hamsini na tatu. Mimi nimepewa kazi ya kutunza soko, yaani nimelipanga soko mahali palipobaki, katikati, pazuri. Nina furaha ya kijinga.

Jumapili, 30 Machi

Vita. Bujiku amefinyanga ng'ombe. Nyumba za Nyanjige zina kimo cha kikombe. Ng'ombe wa Bujiku wana ukubwa wa paka, na pembe juu. Nyanjige alimweleza kwa adabu kwamba ng'ombe hawezi kuwa mkubwa kuliko nyumba. Bujiku alimuuliza kama aliwahi kumwona ng'ombe akiwa na njaa.

Wafugaji wenzake nao wamefinyanga ng'ombe wao. Sasa wanadai njia ya ng'ombe, kutoka mlango wa mbele wa ghala hadi mlango wa nyuma, pana kiasi cha makundi mawili kupishana bila kugongana pembe. Kwa ng'ombe wa ukubwa ule ni hatua moja na nusu ya mtu mzima. Ili ipatikane, mtaa wa minara lazima uvunjwe, kazi bora ya Nyanjige, wiki tano za maisha yake.

"Huu ni mji, si kijiji," Nyanjige aliwaambia. "Mjini hakuna njia ya ng'ombe."

"Ndiyo maana maziwa yenu ya unga," alijibu Kwandu, na ghala zima likacheka isipokuwa mimi na Nyanjige.

Nikaingilia. Nilisema kazi ya sanaa ina mwenyewe, na mwenyewe aheshimiwe. Nilitoa mifano kutoka nchi nne. Walinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Mayu," Bujiku alisema, "palipo na mwenyewe mmoja panaitwa boma, hapaitwi mji."

Naandika tarehe: thelathini Machi, saa saba mchana, nimeshindwa hoja.

Jumatatu, 31 Machi

Nyanjige hakuja ghalani. Mama yake anasema analala.

Jumanne, 1 Aprili

Hakuja.

Jumatano, 2 Aprili

Amekuja na kamba na kisu cha jikoni. Hakumsalimia mtu. Alivuta kamba kutoka mlango hadi mlango, akapima hatua moja na nusu, akaanza kuikata minara yeye mwenyewe. Nilimshika mkono. Alisema, "Niache, mwalimu. Nimefikiri siku mbili. Mji wangu nilikuwa nimesahau kuweka watu." Tope la minara alimgawia kila aliyekuwa hajajenga, na Bujiku alimpa ng'ombe mmoja, yule mwenye nundu nzuri kuliko wote. Nyanjige alimkubali kwa mikono miwili kama anapokea mahari. Wakacheka wote, yeye wa kwanza.

Jumapili, 6 Aprili

Ndugu wawili wa Kasoli wasiosemeshana kwa sababu ya mpaka wa shamba wamejikuta majirani, namba themanini na themanini na moja. Leo wamegombania mpaka wa Mhola kwa saa nzima. Mke wa mkubwa ananiambia ndiyo mazungumzo yao marefu tangu baba yao afe.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Shuleni mahudhurio nusu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya mawe. Bati mbili za ghala zilifunguka kama kurasa, na maji yakaingia kama mtu anayemimina pipa. Tulikuwa watu ishirini ndani. Tulishika ndoo, masufuria, mkeka wa Kwandu. Yaliposimama, soko langu lilikuwa limekwenda. Meza, vibanda na mizani niliyofinyanga siku mbili vilikuwa uji, na bwawa lenye matope limekaa katikati ya Mhola.

Ndipo akaingia Dastan. Tangu Machi hajakanyaga hapa. Leo, siku ya msiba, amekuja na mwavuli na shati jeupe.

"Shemeji," alisema, "nasikia mji umezama."

"Karibu uusherehekee, shemeji."

Alikuwa anatazama maji. Aliinama, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa kidole gumba.

"Nani ameweka soko hapa?"

"Mimi."

"Hapa ni mbugani, bondeni. Huoni sakafu inavyolala? Maji yote ya ghala yanakuja hapa. Soko hapa watu watauza vyura." Akamkabidhi mtu mwavuli. "Nipeni kijiko. Si hicho, kikubwa."

Akapiga magoti na shati lake jeupe. Alichora mfereji kutoka juu ya stesheni hadi mlango wa nyuma, akifuata mwinuko ambao sisi wote, wiki nne tukitembea juu yake, hatukuuona. Bujiku akashuka kumsaidia. Dastan aliuliza ngitili iko wapi, sehemu ya malisho inayofungwa hadi kiangazi, hatukuwa nayo. Alikasirika kweli. Aliwaambia wafugaji kwamba wamejenga njia ya ng'ombe isiyotoka popote wala kwenda popote, na aliwakatia ngitili upande wa magharibi, akaizungushia vijiti vya minyaa. Soko alilipeleka mwinukoni, karibu na maktaba. Muda wote huo aliuliza. Mlipanda nini huko kwenu? Maji mnachota wapi? Ng'ombe wanarudi saa ngapi? Watu walimjibu, na alisubiri majibu.

Giza lilipoanza kuingia alikaa kwenye gunia, matope hadi shingoni. Nilimletea chai. Nilikuwa na maneno mazuri ya kumchoma, yalikuwa yamejipanga kabisa.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "walinituma nikawaambie watu wapande nini. Hakuna aliyenituma nikaulize mji ukae wapi."

Nikayameza maneno. Nilichokiandika tarehe mbili Machi kuhusu swali la wakulima sikifuti, lakini naongeza: kuna watu walionyimwa nafasi ya kuuliza, na shemeji yangu ni mmoja wao.

Kwenye kundi hajaandika kitu. Ameweka tu picha ya mfereji.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Misa, pilau, kisha wote Mhola. Nyumba mia mbili na kumi na moja. Kimebaki kiwanja kimoja, na Nyanjige amekataa kumpa mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Salvatory amekuja na fundi wa mizani. Msimu unafunguliwa Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Ametoa hadi Jumamosi ijayo ghala liwe tupu. Hakusema kwa ubaya. Alitukumbusha kwamba alisema Machi, akasema tena, na pamba ya wanachama mia nne haiwezi kulala mvuani kwa sababu ya nyumba za udongo. Ana haki. Nimebishana na watu wengi wasio na haki. Ni kazi nyepesi zaidi.

Mji hauwezi kuhamishwa. Udongo haujachomwa, ukiinua nyumba inabaki mkononi. Nyanjige amesema kwa utulivu kwamba alijua tangu mwanzo. Kwandu amekaa mbele ya thelathini na tatu na hataki kusimama.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika barua ya kurasa nne kwa bodi ya chama. Nimeirarua. Kila hoja ilikuwa nzuri na hakuna iliyokuwa na mahali pa kuweka pamba.

Jumamosi, 10 Mei

Tulikutana saa tatu. Salvatory alikuja na vijana sita na makoleo. Walisimama mlangoni wakitazama nyumba za mama zao humo ndani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Dastan alikuwa amefika kabla yetu, na futi ya fundi mfukoni. Alimwomba mwenyekiti dakika kumi. Alipima njia ya ng'ombe kwa sauti, kama anasoma zaburi. Akapima nafasi ya nyuma ya ghala, kutoka mwisho wa Mhola hadi ukutani, na pembeni kushoto na kulia. Kisha akauliza lori la kupeleka pamba kiwandani linakuja mara ngapi kwa wiki. Mara mbili. Na mwaka jana ghala liliwahi kujaa kupita nusu? Salvatory alifikiri. Halikuwahi.

"Pamba itakaa nyuma na pembeni," Dastan alisema. "Na njia ya kuifikisha ipo."

"Njia ipi?"

"Hii ya ng'ombe."

Salvatory alicheka. Alisema mbebaji na gunia lake begani haoni anapokanyaga, atabomoa nyumba ishirini safari ya kwanza. Hapo Bujiku, ambaye alikuwa ametoka Kiloleli na basi la alfajiri, alivua mabuti yake. Kijana mmoja alimtwika gunia lililoshindiliwa pamba ya shamba la Kwandu. Akaingia.

Alitembea katikati ya Mhola, polepole, miguu mitupu, gunia limetokeza huku na huku. Nyayo zake zilipita pembeni ya kuta za mtaa wa watu wa Kasoli kwa upana wa kiganja. Alipita maktaba, akavuka mfereji wa Dastan, akaambaa na ngitili, na kwenye kona ya soko akasimama kumpisha Kwandu aliyekuwa anarudi kutoka nyuma, na gunia lake kichwani. Hatukujua ameingia saa ngapi. Walipishana. Hawakugusana. Hatua moja na nusu, kwa ajili ya ng'ombe wakubwa kuliko nyumba.

Nyanjige alikuwa amenishika mkono hadi unauma.

Salvatory aliitembea njia yeye mwenyewe, kwenda na kurudi. Aliuliza nani atalipa mtu akikanyaga. Kwandu akamjibu kwamba aliyejenga ndiye atakayebeba, na hakuna mtu anayekanyaga nyumbani kwake. Mwenyekiti akawatuma vijana warudishe makoleo stoo. Alipokuwa anatoka, Nyanjige alimwita na kumwonyesha kile kiwanja cha mwisho, pembeni ya lango.

"Hiki nilikuwekea wewe, baba."

Alikitazama sana. Akauliza kama udongo umebaki.

Jumatatu, 12 Mei

Magunia sabini na tisa siku ya kwanza. Pamba imepanda nyuma ya Mhola kama vilima, na mji kwa mara ya kwanza una mahali unapotazama. Wabebaji wanasalimiana njiani: mwangaluka, mhola. Nyumba moja imeporomoka ukuta, ya mtendaji wa kata. Hakuna aliyeikanyaga, aliijenga vibaya. Anakuja kesho kuirudia.

Dastan ameandika kwenye kundi: "Unaliwa na nini? Nimeona leo. Unaliwa na magunia sabini na tisa." Nimemwekea kidole gumba. Ni cha kwanza maishani mwangu.

Jumamosi nitayasoma haya redioni, na najua mtakuwa mnasikiliza, ninyi wapanga miji na wapimaji wa mkoa wetu, mnaokuja na ramani zilizokunjwa kwenye mirija ya plastiki. Kwenu nina dai moja. Kabla hamjachimbia bikoni nyingine, leteni ramani yenu Kasoli. Itandazeni kwenye sakafu ya ghala, siku saba, mlango wazi, udongo pembeni. Vueni viatu miguuni. Subirini Bujiku aulize ng'ombe wanapita wapi, na msianze kujibu hadi afike mwisho. Na mkija, mpitie kwanza Kiloleli, mkang'oe ile bikoni iliyo katikati ya zizi lake.